Vifaranga wa kambale nyumbani: andaa chakula kabla hujaleta samaki

Katika simu na ujumbe mnaotuletea kuhusu ufugaji wa samaki, swali moja hurudi mara kwa mara: "Nimeleta vifaranga wa kambale nyumbani. Siku tatu za kwanza walikuwa wazima, siku ya tano wameanza kufa kwa mamia. Huu ni ugonjwa gani?"

Mara nyingi si ugonjwa. Ni njaa, au ni maji yaliyochafuliwa na chakula kisichowafaa. Kifaranga wa kambale huja duniani na akiba ya chakula ya siku tatu hivi. Akiba hiyo ikiisha anahitaji chakula hai, kidogo kuliko kichwa cha sindano, na anakihitaji siku hiyo hiyo. Mfugaji anayeanza kutafuta chakula baada ya kuona vifaranga wanakufa huwa amechelewa.

Katika makala haya tunaeleza jinsi ya kulea vifaranga hao nyumbani, katika tangi la kioo, beseni kubwa au jaba lililokatwa, tangu wanapoanguliwa hadi wanapokuwa tayari kwenda bwawani. Isome yote kabla hujanunua hata kifaranga mmoja.

Kwa nini watu huleta vifaranga wachanga

Samaki tunayemzungumzia ni kambale wa Afrika, ambaye wataalamu humwita Clarias gariepinus. Ni yule mwenye sharubu nane, asiye na magamba, anayeweza kuishi katika tope. Pande za Ziwa Victoria wengi wanamjua kwa jina la mumi.

Sato na perege huzaana wenyewe bwawani, tena kupita kiasi. Kambale sivyo. Porini hutaga msimu wa mvua, maji yanapofurika na kufunika nyasi za kingoni. Katika bwawa la mfugaji jike hubeba mayai, lakini ni nadra kutaga bila kusaidiwa. Ndiyo maana vituo vya kuzalisha vifaranga humchoma jike sindano ya homoni, humkamua mayai, kisha huyachanganya na mbegu za dume.

Gramu moja ya mayai ya kambale ina mayai yapata 600 hadi 700, kwa hiyo jike mmoja hutoa makumi ya maelfu. Hapo ndipo ilipo tofauti ya bei. Kifaranga wa siku tatu huuzwa kwa bei ndogo sana ukilinganisha na aliyefika urefu wa kidole, kwa sababu kati ya hao wawili kuna wiki tano za kazi na vifo vingi. Anayeweza kuwavusha wiki hizo nyumbani huokoa fedha zake, na pia hupata bidhaa. Wafugaji wa mabwawa humtafuta, na kandokando ya Ziwa Victoria wavuvi wa sangara hutafuta kambale wadogo kuwa chambo cha ndoano.

Lakini hatari ya hasara ni kubwa vilevile. Fedha ya ada au ya mbolea inaweza kuishia ndani ya beseni kwa siku mbili.

Kifaranga anavyokua, siku kwa siku

Mayai huanguliwa baada ya saa 20 hadi 36 hivi, kutegemea joto la maji. Maji yakiwa ya vuguvugu, nyuzi 28 hadi 30 za Selisiasi, huanguliwa mapema. Maji yakiwa ya baridi huchelewa.

Kifaranga aliyetoka sasa hivi ana urefu wa milimita 5 hadi 7 na anafanana na uzi wenye kichwa. Tumboni amebeba kifuko cha kiini cha yai, na hicho ndicho chakula chake. Hali kitu kingine. Hukimbia mwanga na kujikusanya na wenzake pembeni, chini, palipo na giza.

Siku ya tatu kifuko kimepungua sana. Vifaranga huanza kuogelea wakitafuta. Hapo ndipo chakula kinapotakiwa kuwa tayari.

Wiki ya kwanza ya kula, tumbo lake bado halijaanza kusaga chakula kama la samaki mkubwa. Ndiyo sababu chakula kikavu peke yake huwaangusha: wanakimeza, lakini hawanufaiki nacho vya kutosha.

Katika wiki ya pili na ya tatu kiungo cha kupumulia hewa, ambacho humwezesha kambale mkubwa kukaa topeni, huanza kufanya kazi. Utawaona wakipanda juu, wakimeza hewa na kushuka. Kabla ya hapo hutegemea oksijeni iliyomo majini tu, kama samaki wengine. Wengi hudhani kambale hafi kwa kukosa hewa. Mkubwa ni mgumu kweli, mchanga hufa haraka.

Wiki ya tano au ya sita, akitunzwa vizuri, hufikia gramu 1 au zaidi na urefu wa sentimita 5 hivi. Hapo anaweza kwenda bwawani.

Wiki moja kabla: chombo na maji

Chagua chombo kipana chenye kina kifupi. Tangi lenye urefu wa mita 1 na upana wa nusu mita, likijazwa maji ya kina cha sentimita 20, linabeba lita 100. Hicho ni chombo kizuri kwa anayeanza. Maji mapana yenye kina kifupi hupata hewa zaidi kuliko yale yaliyosimama ndani ya pipa jembamba. Tangi la kioo lina faida moja ya ziada: unaona matumbo ya vifaranga kutoka ubavuni. Beseni la plastiki na jaba lililokatwa hufanya kazi ileile.

Chombo kisiwe kimewahi kubeba dawa ya mifugo, dawa ya mimea au mafuta. Kioshe kwa maji na chumvi, usitumie sabuni. Funika nusu ya juu kwa kitambaa kizito au ubao ili vifaranga wapate giza, na uweke kifuniko cha wavu kuzuia vyura na kereng'ende wasitage humo. Kiluwiluwi cha kereng'ende kimoja kinaweza kumaliza vifaranga wengi.

Hapa kuna onyo ambalo tunaomba msilipuuze. Usitumie chandarua chenye dawa kuwa wavu, kifuniko wala chujio. Dawa iliyomo humo imetengenezwa kuua mbu, na ni sumu kali kwa samaki. Vivyo hivyo usipulize dawa ya mbu wala kuwasha ya kufukiza katika chumba chenye vifaranga. Pampu ya hewa itaivuta na kuisukuma moja kwa moja ndani ya maji.

Maji ya bomba yana dawa ya klorini. Yaache katika chombo cha wazi kwa saa 24 kabla ya kuyatumia, na ukiweza uyakoroge mara kwa mara. Maji ya kisima kirefu hutoka yakiwa na hewa kidogo, kwa hiyo yamimine kutoka ndoo moja kwenda nyingine mara kadhaa kutoka juu, kisha yaache usiku kucha. Maji ya mto au lambo yana vijidudu na mayai ya wadudu, yachuje kwa kitambaa cha pamba.

Joto zuri ni nyuzi 26 hadi 30. Kipimajoto cha bei nafuu kinatosha. Nyanda za juu, kama Mbeya, Njombe, Limuru au Kabale, usiku huwa wa baridi, hivyo chombo kikae ndani, mbali na mlango, na kifunikwe usiku na nailoni huku ukiacha nafasi ya hewa kupita. Usimwage maji ya moto ndani kuwapasha.

Pampu ndogo ya hewa yenye jiwe la hewa inasaidia sana. Mapovu yawe madogo na ya taratibu. Mkondo mkali huwachosha vifaranga. Waya wa umeme uupinde ushuke chini kabla haujafika kwenye soketi, ili matone ya maji yadondoke sakafuni yasifuate waya. Na kama nyumbani kuna watoto wadogo, chombo kiwe mahali ambapo hawawezi kutumbukia.

Wiki moja kabla: chakula hai

Hii ndiyo kazi inayoamua nani atabaki na samaki. Njia ni mbili.

Njia ya kwanza ni kufuga viroboto wa maji. Hawa ni vidudu vidogo vinavyorukaruka katika madimbwi ya maji ya kijani. Havihusiani na viroboto wa mbwa, wala haviumi. Chukua jaba la lita 200, lijaze maji na kuliweka mahali penye jua la asubuhi. Tia mbolea kavu ya kuku kiasi cha gramu 100, kama viganja viwili, ndani ya mfuko wa kitambaa au soksi kuukuu, ifunge na kuining'iniza majini. Kisha ongeza ndoo moja ya maji ya kijani kutoka dimbwi lisilo na samaki, ukiyapitisha kwenye chujio la chai ili wadudu wakubwa wabaki nje.

Baada ya siku 5 hadi 10 maji hubadilika rangi na ukitazama kwenye glasi utaona vijidudu vikirukaruka. Anzisha jaba la pili siku tatu au nne baada ya la kwanza, kwa sababu jaba moja likishavunwa sana au kuchafuka huzimika ghafla, na vifaranga hawatasubiri lijae tena.

Vuna asubuhi kwa kitambaa laini. Suuza kwa maji safi, usiwapelekee vifaranga maji ya mbolea. Siku nne za kwanza pitisha mavuno kwenye kitambaa chenye matundu madogo na uwape vile vidogo tu vilivyopenya. Miongoni mwa vijidudu vya dimbwini wapo wanaoruka kwa ghafla, wenye umbo la tone la maji na mkia. Hao wanaweza kuwauma na kuwaua vifaranga ambao bado ni wachanga. Nawa mikono kwa sabuni na maji mengi kila ukimaliza kushika mbolea, na hakikisha sabuni imetoka yote kabla ya kugusa maji ya vifaranga.

Njia ya pili ni artemia. Huyu ni mdudu wa maji ya chumvi anayeuzwa akiwa mayai makavu ndani ya kopo. Mengi huvunwa katika Ziwa kubwa la Chumvi la jimbo la Utah, Marekani, na ndiyo maana bei yake ni kubwa. Lakini kwa vifaranga wachache hutumii mengi, na wafugaji wawili watatu wanaweza kuchangia kopo moja. Likifunguliwa, lihifadhiwe pakavu na pa baridi, limefungwa vizuri.

Kuwatotoa, chukua lita 1 ya maji na vijiko vitano vya chai vya chumvi vilivyosawazishwa. Kwa vifaranga 1,000 anza na robo kijiko cha chai cha mayai kwa siku, kisha uongeze hadi nusu kijiko kadiri wanavyokua. Weka hewa ya nguvu, mwanga, na joto la nyuzi 28 hivi. Baada ya saa 18 hadi 24 utaona maji yamekuwa ya rangi ya chungwa. Zima hewa kwa dakika kumi. Maganda yataelea juu, mayai yasiyototoa yatazama, na artemia hai watakusanyika upande wa mwanga. Wanyonye kwa mpira mwembamba, wachuje kwa kitambaa, wasuuze kwa maji yasiyo na chumvi, wapeleke. Jitahidi maganda yasiingie, maana kifaranga akiyameza yanaweza kumziba tumbo.

Kwa kuwa artemia hawadumu muda mrefu nje ya chumvi, wape kidogo kidogo. Chupa mbili zikianzishwa kwa zamu, asubuhi na jioni, utakuwa na chakula kila wakati.

Siku ya kununua

Usiagize vifaranga mpaka umeona kwa macho chakula hai kikiwa tayari. Kisha muulize muuzaji maswali matatu: wameanguliwa siku gani na saa ngapi, wameshaanza kula, na wamekula nini? Jibu la swali la kwanza ndilo litakaloamua ratiba yako yote.

Tazama vifaranga wenyewe. Wazima hukimbia mwanga wa tochi ya simu na hutikisika bila kukoma. Walio weupe kama maziwa, waliotawanyika chini bila kusogea, waache.

Wasafirishe asubuhi au jioni katika mfuko wa plastiki, theluthi moja maji na iliyobaki hewa, na oksijeni kama kituo kinayo. Ukifika, uelezee mfuko uliofungwa juu ya maji ya chombo chako kwa dakika 20 hivi joto lilingane, kisha changanya maji kidogo kidogo kabla ya kuwaachia.

Lita 100 zisizidi vifaranga 1,000 kwa anayeanza. Vituo vyenye mitambo huweka wengi zaidi ya hapo, lakini vina maji yanayopita na watu wa zamu usiku. Ukiweka 5,000 kwa tamaa, utabaki na wachache kuliko aliyeweka 1,000.

Siku tatu za mwanzo: usilishe

Kama umewapata wangali na kifuko cha kiini, kazi yako ni usafi tu. Ondoa maganda ya mayai, mayai meupe yasiyoanguliwa na vifaranga waliokufa, kwa sababu humea ukungu unaosambaa. Usitie chakula chochote. Hawatakila, kitaoza, nao watakufa kwa maji machafu.

Siku ya tatu, chukua vifaranga wachache kwa glasi na uwamulike. Wakiwa wanaogelea huku na huko na kifuko kimebaki theluthi tu, tia chakula hai kidogo. Baada ya dakika 20 mulika tena. Waliokula artemia wana matumbo ya rangi ya chungwa, na waliokula viroboto wa maji wana matumbo meusi au ya kijivu. Matumbo yakiwa matupu, jaribu tena baada ya saa tatu. Wengi wakishakula, ratiba imeanza.

Siku ya nne hadi ya kumi: kidogo, mara nyingi

Walishe kila baada ya saa mbili hadi tatu, mara sita hadi nane kwa siku, na angalau mlo mmoja uwe usiku, kwani kambale hula sana gizani. Weka kengele kwenye simu. Kama kazi ya shamba itawatoa nyote nyumbani kutwa nzima, panga mtu wa zamu kabla ya kununua. Wiki hii haikubali nafasi ya kusahau.

Kipimo ni tumbo la kifaranga, kijiko hakitoshi kukuongoza. Matumbo yamejaa na chakula kingi bado kinaelea, punguza. Chakula kimekwisha kwa dakika tano na matumbo bado membamba, ongeza.

Wapo wanaotumia kiini cha yai la kuku lililochemshwa. Kikikamuliwa kwenye kitambaa kinaweza kuziba pengo la mlo mmoja au miwili siku ambayo artemia hawakutotoa. Lakini huchafua maji upesi mno. Usikifanye kuwa tegemeo.

Kuanzia siku ya nane au ya tisa, anza kuwazoeza chakula kikavu. Kiwe unga laini wa vifaranga, wenye protini ya asilimia 50 au zaidi. Badilisha mlo mmoja kwa siku: leo mlo mmoja wa unga na mingine hai, kesho miwili, hadi kufika siku ya 14 wale unga peke yake. Usiwabadilishie kwa ghafla. Unga wa dagaa uliosagwa na kupitishwa kwenye kitambaa unaweza kuongezea, mradi dagaa hawana mchanga wala ukungu.

Maji kila siku

Chakula kilichobaki na kinyesi hutoa amonia, sumu isiyoonekana kwa macho. Kila asubuhi na jioni, kabla ya kulisha, nyonya uchafu wa chini kwa mpira mwembamba kama wa dripu, ukiumwagia ndani ya beseni jeupe. Usimwage moja kwa moja nje. Utaona vifaranga waliovutwa na mpira, uwarudishe.

Kisha badilisha robo hadi theluthi ya maji, kwa maji yaliyokaa chumba kilekile ili joto lilingane. Usibadilishe yote kwa mara moja. Maji yakinuka, au mapovu yakikaa juu bila kupasuka, umelisha kupita kiasi.

Umeme ukikatika

Vifaranga wa chini ya wiki mbili hawawezi kumeza hewa. Pampu ikisimama, acha kulisha papo hapo, kwa sababu samaki aliyeshiba hutumia oksijeni nyingi zaidi. Punguza kina cha maji, kisha teka kwa kikombe na kumimina taratibu kutoka kimo cha shubiri moja, pembeni mwa chombo, mara kwa mara mpaka umeme urudi. Pampu ya betri, au ya sola ndogo, ni bima nzuri kwa vijiji ambako umeme hukatika mara kwa mara. Asiye na pampu kabisa aweke vifaranga wachache zaidi, 200 hadi 300 kwa lita 100.

Wanapoanza kulana

Mkivuka wiki ya pili, adui hubadilika. Kambale hula kambale. Wachache hukua haraka kuliko wenzao, na mdomo wa kambale ni mpana. Wakiwa bado wadogo, mkubwa humshika mwenzake mkiani, humla mpaka shingoni na kuacha kichwa. Ukikuta vichwa vitupu chini ya tangi, usitafute dawa. Tafuta wakubwa.

Kila baada ya siku tano hadi saba, wamwage kwa makundi kwenye beseni jeupe na uwatenge: wakubwa, wa kati, wadogo. Wale wachache waliopita wenzao kwa nusu ya urefu au zaidi, watoe kabisa uwaweke peke yao. Kuwatenga asubuhi kabla ya kula huwapunguzia msukosuko.

Njaa huongeza kulana, hivyo usiruke mlo wa usiku. Vipande vya bomba la plastiki au vigae vilivyolala chini huwapa wadogo pa kujificha. Na wapunguze wingi: kufika wiki ya tatu, lita 100 zibaki na 200 hadi 300 tu. Kwa hiyo andaa vyombo vitatu au vinne, au wavu wa kufugia ndani ya bwawa, mapema.

Dalili na la kufanya

Wote wako juu wakihema, hawajafika wiki mbili: oksijeni imepungua. Mimina hewa, badilisha robo ya maji, acha kulisha.

Wananing'inia wima, au wanajisugua chini: inaweza kuwa maji machafu au vijidudu vya ngozi na mashavu. Badilisha theluthi ya maji kwanza. Kisha tia chumvi ya kawaida, gramu 2 kwa kila lita, yaani gramu 40 kwa ndoo ya lita 20, ikiwa imeyeyushwa pembeni kabla ya kutiwa.

Matumbo matupu na vichwa vinaonekana vikubwa kuliko mwili: njaa. Chakula ni kikubwa mno kwa midomo yao, ni kidogo, au hakiko hai.

Nyuzi kama pamba juu ya miili: ukungu. Ondoa waliokufa, safisha, tumia chumvi kama hapo juu.

Wanakufa wote kwa saa chache, wakubwa kwa wadogo: fikiria sumu. Kuna aliyepuliza dawa ya mbu? Ndoo ilifuliwa nguo? Maji ya bomba hayakukaa? Badilisha maji mara moja.

Usifungue vidonge vya tetrasaiklini au dawa nyingine za binadamu kumwaga ndani ya tangi. Haziondoi njaa wala amonia, na huzoesha vijidudu vya maradhi kuvumilia dawa ambazo kesho utazihitaji wewe au mwanao.

Kwenda bwawani, na hesabu yako

Wakifika sentimita 5, wapeleke bwawani asubuhi, ukilinganisha joto kama siku ya kwanza. Bwawa liwe limekaushwa na kujazwa maji mapya karibuni, kabla vyura na wadudu hawajatawala. Usiwamwage waliobaki mtoni wala ziwani. Kuhamisha samaki hai kuna taratibu zake, na samaki wa kufugwa wanaweza kupeleka maradhi kwa wa porini.

Andika kila siku katika daftari: waliokufa, joto, chakula, maji yaliyobadilishwa. Unapopanga biashara, usihesabu kwamba vifaranga 1,000 ulionunua watakuwa samaki 1,000 wa kuuza. Fanya hesabu ya 300. Ikiwa kwa 300 hao bei ya vifaranga, artemia, chakula na umeme inarudi, anza. Ikiwa hairudi, ni nafuu ununue waliokwisha kukua.

Kwa ushauri wa karibu, anzia kwa afisa uvuvi wa wilaya yako, au wa kaunti kwa walioko Kenya. Vituo vya umma vinavyoshughulika na vifaranga na mafunzo ni pamoja na Kingolwira mkoani Morogoro kwa Tanzania, Sagana katika Kaunti ya Kirinyaga kwa Kenya, na Kajjansi karibu na Kampala kwa Uganda.

Kama ndiyo mara yako ya kwanza, anza na vifaranga 300 na jaba moja la viroboto wa maji. Jaba likishajaa vijidudu vinavyorukaruka, hapo ndipo umpigie simu muuzaji.